Vipepeo Wawili wa Rangi Moja: Safari ya Shinyanga na Geita

Wasomaji wetu wapenzi wametuzoea kuwaletea kutoka safarini habari za miji na masoko, za misikiti na madrasa, na za watu waliotupokea kwa wema. Mara hii twawaletea habari za wadudu wawili. Tulikwenda Shinyanga na nchi ya dhahabu ya Geita kwa haja nyingine kabisa, na haja hiyo ilikwisha kwa salama. Lakini tuliporejea nyumbani tuliona kwamba jambo lililokaa moyoni mwetu kupita yote lilikuwa ni vipepeo wawili wa rangi moja, ambao kila mkulima wa huko amewaona tangu utoto wake, na pengine hajapata kumtenga mmoja na mwenziwe.

Tulifika Shinyanga mwezi wa Aprili, wakati mvua ziko karibu na mwisho wake. Asiyefika huko hudhani ni nchi ya vumbi na ng'ombe tu, na wapo wazee wanaokumbuka siku ambazo dhana hiyo haikuwa mbali na kweli. Tangu miaka ya 1920 miti mingi ilifyekwa ili mbung'o akose kivuli cha kukaa. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakazidi, na kuni zikatakiwa kila siku. Hata ilipofika miaka ya 1980 watu wakawa wanaiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI. Mradi huo haukuleta jambo geni sana, bali uliwakumbusha watu desturi ya Wasukuma wenyewe iitwayo ngitili, yaani kutenga kipande cha malisho kisikanyagwe na mifugo wakati wa mvua, ili majani yake yawe akiba ya kiangazi. Ngitili zilizosalia wakati huo zilihesabiwa kuwa kama hekta 600 tu. Haikupita miaka 20 zikawa zimezidi hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miti ilirudi, na chini ya miti yakarudi magugu na maua. Na palipo na maua hapakosi vipepeo.

Mwenyeji wetu ana ngitili nyuma ya boma lake. Asubuhi moja tulikuwa tumeketi naye kivulini baada ya kunywa uji, akaja binti wa jirani, umri wake wapata miaka 10, amevaa kofia pana na nguo ya mikono mirefu, kwa kuwa binti huyu ana ualbino na jua humuunguza upesi. Alipiga goti kama ilivyo adabu ya watoto wa huko, akasema, "Shikamoo babu."

Tukamwitikia, "Marahaba, mjukuu wetu. Umetuletea nini?"

Akatuonyesha chupa ya kioo yenye vipepeo wawili. Mwenyeji wetu akawatupia jicho, akasema kuwa ni kipepeo yule yule, mmoja jike na mmoja dume. Binti akatikisa kichwa. "Sivyo, babu. Huyu ana madoa matatu, na huyu ana moja."

Sisi tulitazama tusione kitu. Macho ya binti huyu hayafiki mbali, na kwa hiyo kila kitu hukileta karibu kabisa na uso wake. Na kwa sababu hiyo hiyo alikuwa ameona jambo ambalo sisi, tunaojisifu kwa kuona ng'ambo ya bonde, tulilipita. Tukavaa miwani, tukahesabu, tukakuta kweli ni kama alivyosema.

Basi na tuwaeleze wasomaji wetu sura zao. Mbawa za wote wawili ni za rangi ya chungwa lililoiva. Ncha za mbawa za mbele ni nyeusi, zimekatwa kwa utepe mweupe. Na mbawa za nyuma zina upindo mweusi wenye vidoto vyeupe. Wakikunjua mbawa, upana wao ni kama sentimita 7 au 8. Wa kwanza wataalamu humwita Danaus chrysippus, jina alilopewa na Linnaeus wa Sweden mwaka 1758. Naye ni maarufu tangu kale, maana sura yake imeonekana katika michoro ya kaburi moja huko Luxor, Misri, yapata miaka 3,500 iliyopita. Wa pili ni Hypolimnas misippus, aliyepewa jina na mtu yule yule mwaka 1764. Kwa kuwa majina hayo ni mazito ulimini, sisi tutamwita wa kwanza Mchungu, na wa pili Mwigaji, na sababu yake itaonekana sasa hivi.

Alama ya kuwatenga ni ile aliyoiona binti. Katikati ya ubawa wa nyuma wa Mchungu mna vidoa vyeusi vitatu kwa jike, na vinne kwa dume. Mwigaji ana kidoa kimoja tu, tena karibu na ukingo wa mbele wa ubawa. La ajabu zaidi ni kuwa dume wa Mwigaji hafanani kabisa na jike wake. Yeye ni mweusi, na katika kila ubawa ana doa kubwa jeupe lililozungukwa na rangi ya zambarau imetayo kama hariri ikigeuzwa juani. Ukimwona pamoja na jike wake utaapa kuwa hawana udugu. Ni majike peke yao wavaao nguo ya jirani.

Tofauti kubwa zaidi imo ndani, na huanzia kwenye chakula cha utotoni. Mchungu hutaga mayai yake moja moja juu ya magugu yale yatoayo utomvu mweupe kama maziwa, ambayo wachungaji huwakataza watoto wasiyaguse halafu wakajipangusa macho. Kiwavi wake ana mistari myeusi, myeupe na ya njano, na jozi tatu za pembe laini nyeusi. Utomvu ule una sumu idhuruyo moyo. Lakini kiwavi huula asidhurike, akaiweka sumu katika mwili wake, na hata akigeuka kuwa kipepeo huruka nayo. Kiwavi wa Mwigaji ni mweusi mwenye miiba yenye matawi, kwa kumtazama utamwogopa. Lakini chakula chake ni mimea laini isiyo na sumu, na miongoni mwake ni ule mmea mdogo wa majani manene na mashina mekundu utambaao mashambani, ambao watu wengine huupika mboga. Basi kipepeo atokaye humo ni chakula kitamu kwa ndege yeyote.

Sasa fikiri jinsi ndege mchanga anavyojifunza. Siku ya kwanza humkamata Mchungu, humrarua, na mara hutapika. Tangu hapo akiiona rangi ya chungwa yenye ncha nyeusi hugeuza uso. Mchungu mwenyewe ana ngozi ngumu, aghalabu akidonolewa hupona. Na kwa kujua kuwa hana adui mkubwa huruka polepole, kama tajiri apitaye sokoni pasipo kuogopa wezi. Mwigaji huruka mwendo huo huo, na ndege humwacha apite kwa heshima isiyokuwa yake. Lakini ukimstusha ghafula hutoka kwa kasi, na siri yake huonekana.

Wa kwanza kulieleza jambo la namna hii ni Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon, akatangaza maelezo yake mwaka 1862. Na hapa kwetu, mtaalamu David Smith aliwachunguza vipepeo wetu hawa wawili mjini Dar es Salaam, akatangaza habari zao mwaka 1973. Wachunguzi wameona pia jambo ambalo lilitushangaza kuliko yote: si kila Mchungu ni mchungu. Magugu ya utomvu yako ya aina nyingi, na mengine hayana sumu ya kutosha. Kipepeo aliyelelewa juu ya hayo huwa mtamu kama Mwigaji, ijapokuwa ana madoa yake kamili na ukoo wake ni ule ule. Basi rangi haimhakikishii ndege hata yule mwenye rangi halisi. Humwambia tu, "Huenda."

Mwenyeji wetu alitukumbusha kuwa hapo hapo Shinyanga ndipo yalipokuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o wakati wa Waingereza, na mkuu wake tangu mwaka 1929 alikuwa Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Wengi humkumbuka kwa habari ya mbung'o, lakini kabla ya kuja Tanganyika mtu huyu alikaa kando ya msitu wa Chirinda, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, akawa miaka mingi akiwapa ndege vipepeo wa kila namna, akiandika nani amekubaliwa na nani amekataliwa. Aliona kwamba jibu la ndege latoka tumboni mwake: aliyeshiba hukataa kipepeo mwenye uchungu kidogo tu, na mwenye njaa humla yule aliyemkataa asubuhi. Alitangaza kazi hiyo mwaka 1919. Twamwomba msomaji aliweke neno hili la njaa akilini, maana tutalirudia.

Siku ya tatu tuliondoka kwenda Geita kwa njia ya Tinde na Kahama, kisha tukaelekea kaskazini kupitia Kakola. Kadiri mtu aendavyo huko, nchi huacha utambarare wake ikaanza kuinuka, miti ya miombo huzidi, na vilima vyenye mawe mekundu ya chuma hujitokeza. Katika mawe hayo ndimo iliyomo dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966; ule mkubwa wa sasa, uchimbwao kwa mashimo mapana ya wazi, ulifunguliwa mwaka 2000. Kandokando wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, washukao katika maduara yao kwa kamba, wakapandisha mawe, wakayasaga kwa karasha, na kuyaosha katika mialo.

Katika mwalo mmoja kijana alitupa kipande cha jiwe chenye punje za njano zing'aazo vizuri mno. Tukamwambia, "Mwanangu, mbona umeshapata riziki yako?" Wenziwe wote wakacheka. Akatujibu kwa adabu, "Mzee, hii ni dhahabu ya wajinga."

Akatufundisha. Jiwe lile ni chuma kilichoungana na salfa. Ukiligonga kwa nyundo huvunjika likawa unga wa rangi nyeusi; dhahabu ukiigonga hutandazika tu kama unga wa chapati. Ukilisugua juu ya kigae kisichong'arishwa huacha mchirizi mweusi. Dhahabu huacha mchirizi wa njano. Na ukiyapima, dhahabu safi yazidi uzito wa maji kiasi cha mara 19, na lile jiwe mara 5 tu. Tukamwuliza kwa nini basi asilitupe. Akasema kuwa hapo Geita vitu hivyo viwili hukaa pamoja, na aghalabu palipo na kile cha uongo mtafutaji hukaza macho, kwani cha kweli chaweza kuwa humo humo, kimejificha kisionekane kwa jicho.

Baadaye tulipita katika soko la dhahabu la mjini Geita, lililofunguliwa mwaka 2019 ili wachimbaji wauze mali yao kwa mizani ya haki. Hapo hatukumwona mtu hata mmoja akinunua kwa rangi. Kila punje ilipimwa, na aliyeileta alisimama akingoja bila ya kuona kuwa ametukanwa. Hapo tukamkumbuka binti wa Shinyanga na kuhesabu madoa kwake.

Tulikuwa na siku mbili za nafasi, tukaenda Nkome, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, tukavuka kwa mashua hadi kisiwa cha Rubondo, ambacho kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu mnene wa kivuli na unyevu, namna ya misitu ya Kongo, na ndani yake wamo sokwe waliohamishiwa huko kati ya mwaka 1966 na 1969. Mahali jua lilipopenya tuliona vipepeo wa rangi ambazo hatuna majina yake. Katika visiwa vya Sese vya ziwa hili hili, upande wa Uganda, daktari Mwingereza aitwaye Hale Carpenter, aliyekuwa akichunguza mbung'o na malale katika miaka ya 1910, alimtazama kipepeo mwingine wa msituni aigaye vipepeo wachungu. Aliona kwamba bara, ambako wachungu ni wengi, waigaji hufanana nao sana. Lakini katika visiwa ambamo wachungu ni haba, waigaji huwa wa kila sura, na wengi wao hawamfanani mtu. Maana yake ni kuwa mwigo huishi kwa heshima ya kile cha asili. Asili ikipungua, ndege hawakumbuki tena cha kuogopa, na vazi la kuazima huchakaa.

Tulirejea Nkome jioni. Mwenye mashua alikuwa akizungumza habari za bahati ya wavuvi na wachimbaji, na mazungumzo yakafika mahali ambapo kila mazungumzo ya nchi hii hufika, kwa sauti ya chini. Wasomaji wetu wanakumbuka. Kuanzia yapata mwaka 2006 na 2007, katika mikoa ya kando ya ziwa, Shinyanga na Geita zikiwamo, waganga wa uongo waliwaambia watu wenye tamaa ya dhahabu na samaki kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta bahati. Watu wakauawa, na watoto wakakatwa viungo wangali hai. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, mji ule tulioupita, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto wa miaka 14. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Watoto wengi waliondolewa majumbani mwao wakahifadhiwa mashuleni, miongoni mwake shule ya Buhangija mjini Shinyanga, wakakua mbali na mama zao. Na kabla ya hayo, katika nchi hiyo hiyo, vikongwe waliuawa kwa kuitwa wachawi kwa kuwa macho yao ni mekundu. Na wekundu ule ulikuwa ni moshi wa meko waliyowapikia wajukuu zao miaka yote.

Hatusemi kwamba mtu ni kama kipepeo. Twasema kwamba tulimtazama ndege, kisha tukawatazama watu hawa, tukaona ndege ana udhuru na wao hawana. Ndege huhukumu kwa rangi kwa kuwa hana kigae wala mizani. Tena hukumu yake ameinunua kwa ulimi wake mwenyewe, ameonja akatapika. Akikosea hupoteza chakula cha mara moja. Hawa hawakuonja kitu wala hawakupima kitu. Waliambiwa tu, wakasadiki, kwa sababu walikuwa na njaa ya mali. Swynnerton aliiona njaa ikifuta hukumu ya ndege. Hapa ilifuta hukumu ya mwanadamu, na kilichopotea ni roho. Na la kusikitisha ni kwamba wachimbaji hao hao, mtu akiwaletea jiwe la njano, hawampi hata shilingi mpaka waligonge kwa nyundo.

Ualbino hauna siri yoyote. Mtoto huupata kwa wazazi wake wote wawili, ambao kila mmoja huweza kuuchukua katika damu pasipo alama ya nje. Mwili wake hautengenezi vya kutosha ile rangi ikingayo ngozi na kusaidia macho. Amtakalo mtoto huyo kwa wazazi ni kofia pana, nguo ndefu, mafuta ya kukinga jua, na kiti cha mbele darasani. Zaidi ya hayo ni mtoto kama wengine, ana njaa, ana michezo, na, kama tulivyoshuhudia, ana macho ya kuona lile wengine wasiloliona.

Tulipopita tena Shinyanga tulimchukulia binti yule kioo cha kukuzia vitu. Vipepeo wake alikuwa amekwisha kuwaachilia. Alituambia kuwa amemwona dume mweusi mwenye madoa meupe amekaa juu ya kijiti asubuhi nzima, akiwafukuza wenziwe, na akatuuliza kama huyo naye ni mchungu. Tukamwambia la, huyo ndiye mume wa Mwigaji. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi yeye haigi mtu."

Baba yake alitushukuru kwa ile zawadi. Tulipomwuliza kuhusu masomo ya binti yake, alisema anasoma vizuri. Na kwamba yeye mwenyewe humpeleka shule kila asubuhi na kumfuata kila jioni, ijapokuwa ni mwendo wa robo saa tu, na watoto wa rika lake wote huenda peke yao.